Nani Ameikata Seri Yetu? Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Lubumbashi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: seri imekwenda wapi, itarudi lini, na mbona jirani anaapa kwamba imekwisha kurudi. Atakayetuandikia tena atutajie jina la asili la seri (linapita haraka mwishoni, pamoja na majina ya wachezaji), nchi ilikotoka na chaneli aliyoitazamia. Jina la Kifaransa peke yake halitoshi, kwa sababu anayetafsiri sauti mara nyingi hubadilisha jina lote, na novela tatu tofauti zinaweza kuja kwetu zikiwa na majina ya kufanana.

Tulikuwa tunafuata seri ya Uturuki kila jioni. Ilipofika sehemu ya 64, kesho yake wakaweka nyingine bila neno. Baba watoto anasema abonema yetu imeshuka. Watoto wanasema Waturuki wenyewe wameikata. Nani ana haki? (Mama Mapasa, komini ya Katuba)

Baba watoto tumwondoe kwanza, Mama. Abonema ikishuka, chaneli nzima inafungwa. Haiwezi kukuacha na chaneli ikakunyang'anya seri moja. Zimebaki sababu mbili, na hesabu ndogo itakuonyesha ni ipi.

Kwao Uturuki seri hutoka mara moja kwa juma, na sehemu moja ni ndefu kama filamu: dakika 120 hadi 150. Inapouzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi ili iingie kwenye ratiba ya kila siku. Sehemu moja ya kwao inazaa karibu tatu za kwetu. Kwa hiyo 64 zenu ni kama 21 au 22 za asili, yaani miezi mitano na kitu ya kwao. Msimu wao huanza Septemba na kuishia Juni, kwa hiyo mmeachwa katikati ya msimu.

Sasa tafuta jina la asili kwenye YouTube, uongeze neno la Kituruki "bölüm", ambalo ndilo wanaloandika kando ya namba ya kila sehemu. Chaneli za Uturuki huweka seri zao humo zenyewe, na sehemu ya mwisho huandikwa "Final". Ukikuta Final iko kwenye namba 21 au 22, watoto wamepata: imekatwa huko huko. Chaneli za Uturuki hazina huruma. Idadi ya watazamaji ikianguka kwa majuma machache, mwandishi anapewa taarifa fupi afunge hadithi, na ndiyo maana unaona watu watatu wanaoana na wawili wanakufa ndani ya saa moja. Lakini ukikuta asili inaendelea hadi 70 au 80, seri iko hai. Chaneli yenu ilinunua fungu la kwanza tu, au fungu la pili bado halijatiwa sauti ya Kifaransa. Haki za kuonyesha huuzwa kwa mafungu, na sauti hutiwa kwa mafungu. Hapo kungoja kuna maana, hata miezi sita. Kwa mfano, *Kara Sevda*, iliyoonyeshwa na Star TV ya Uturuki kati ya 2015 na 2017, ina sehemu 74 za asili. Usishangae ukiona kwenye dekoda inapita 150.

Novela za Mexico, Kolombia na Brazili ni habari nyingine. Nyingi huandikwa mwisho wake ukiwa umepangwa, na nyingine huandikwa huku zikionyeshwa. Isipopendwa, kwa kawaida haikatwi ghafla bali hubanwa: iliyokusudiwa sehemu 180 inafungwa kwenye 120. Ikipendwa sana huvutwa kama mpira, na dalili yake ni ndugu pacha anayetokea pasipo mtu kumtaja kabla.

Rafiki yangu anahesabu sehemu 48 za *La Casa de Papel*, mimi nilisoma kwamba ziko 41. Nani amerukishwa? (Kaka wa Bel-Air)

Hakuna aliyerukishwa. Mwaka 2017 Antena 3 ya Hispania ilionyesha sehemu 15 za dakika 70 hivi. Netflix ilipozichukua ilizikata upya zikawa 22: 13 za kundi la kwanza na 9 la pili. Zilizofuata ni 8, 8 na 10, na hizo hazikukatwa tena. Jumla ni 48 kwa mkato wa Netflix, 41 kwa hesabu ya asili. Kilichosimuliwa ni kile kile.

Kwenye WhatsApp kunazunguka bango la *Prison Break* msimu wa sita, na picha za wachezaji wote. Kuna na video yake. Nianze kuweka pesa ya mega? (Kijana wa Kampemba)

Weka pesa hiyo kwa kitu kingine. *Prison Break* ilianza kwenye chaneli ya Marekani Fox mwaka 2005, ikafungwa 2009 baada ya misimu minne, ikarudi 2017 kwa sehemu 9. Novemba 2020 Wentworth Miller, anayecheza Michael Scofield, alisema hadharani kwamba hatamcheza tena. Mwaka 2023 ilitoka habari kwamba Hulu, jukwaa la mtandaoni la Marekani, inaandaa hadithi mpya ndani ya ulimwengu ule ule, yenye watu wengine. Huo si msimu wa sita, na bango lolote lenye sura ya Scofield ni kazi ya mtu mwenye kompyuta na muda.

Video hizo zinatengenezwa kwa vipande vya filamu nyingine za wachezaji hao hao, na siku hizi akili bandia inajaza palipopungua. Zilikuwa zinaingiza pesa: Machi 2025 YouTube ilizikatia mapato ya matangazo chaneli mbili kubwa zilizokuwa zinaishi kwa kazi hiyo. Bado zipo nyingine nyingi ndogo.

Habari ya kweli ina mambo matatu. Inatajwa na mwenye mali, yaani chaneli, jukwaa au studio, si ukurasa wa mashabiki. Inasema kazi imefika hatua gani. Na inataja nani ameandika. Bango la uongo hutaja tarehe na wachezaji, kwa sababu ndivyo vinavyovutia macho, lakini halitaji mwandishi hata siku moja.

Hatua ndizo zinazowachanganya watu zaidi, kwa hiyo tuzipitie. "Inaandaliwa" maana yake kuna mtu amelipwa kuandika, basi. Maandishi mengi yaliyonunuliwa hufia kabatini. Baadaye huja sehemu ya majaribio: wanarekodi moja, wanaitazama, wanaamua. Baada ya hapo ndipo seri "inaagizwa", kwa idadi ya sehemu inayojulikana, na hapo ndipo unaweza kuanza kufurahi kidogo. Majukwaa ya mtandaoni siku hizi huruka majaribio na kuagiza msimu mzima, lakini huchelewa sana kati ya kuagiza na kuonyesha. Drama ya sehemu 8 ikitoka ndani ya miezi 18 tangu kuagizwa, imekwenda mbio. Ukiongeza mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2023 (Mei 2 hadi Septemba 27) na ule wa waigizaji (Julai 14 hadi Novemba 9), utaelewa kwa nini *Stranger Things* ilimaliza msimu wa nne Julai 2022 na wa tano ukaanza Novemba 2025.

Seri ilikuwa kwenye kumi bora, darasani kwangu wanafunzi hawazungumzi kingine, halafu inakatwa baada ya msimu mmoja. Mtu anakataje mwembe unaozaa? (Mwalimu, Kamalondo)

Mwalimu, kumi bora inahesabu walioanza na saa walizotazama. Wenye kuamua wanatazama zaidi waliomaliza, halafu wanaweka hesabu hiyo kando ya gharama. Mwaka 2019 Netflix iliieleza kamati ya Bunge la Uingereza kwamba inawagawa watazamaji makundi matatu: walioanza, waliotazama, na waliofika angalau asilimia 90. Na kwamba inaangalia hasa siku 7 za kwanza na siku 28 za kwanza. Mtu anayeona sehemu mbili Jumamosi hii na mbili mwezi ujao hayumo kwenye hesabu inayookoa seri.

*1899* ni mfano unaouma. Ilitoka Novemba 17, 2022, ikapanda kwenye kumi bora, na walioibuni walikuwa na mpango wa misimu mitatu. Januari 2, 2023 wakatangaza kwamba hakuna wa pili. Hadithi ngumu, lugha nyingi ndani ya meli moja, gharama kubwa: watu walianza wengi, na fumbo likabaki limening'inia.

Namba yenyewe isomwe kwa uangalifu. Tangu 2023 Netflix hupata "mitazamo" kwa kugawa saa zote zilizotazamwa kwa urefu wa seri. Saa milioni 80 za seri ya saa 8 ni mitazamo milioni 10. Saa milioni 80 za seri ya saa 4 ni milioni 20. Kabla ya hapo seri ndefu ilikuwa inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ukitaka kubashiri, usitazame juma la kwanza. Tazama la tatu. Seri inayoshuka kutoka nafasi ya pili hadi nje ya orodha ndani ya majuma matatu iko hatarini, hata kama kartie nzima inaizungumzia.

Kisha kuna mkataba, na hapa ndipo penye siri nyingi. Chaneli ya kawaida ya Marekani hulipa sehemu tu ya gharama. Studio inajazia pengo kwa tumaini la kuuza marudio baadaye, ndani na nje ya nchi, na ndiyo sababu zamani walisukuma seri ifike karibu sehemu 88 au 100: hapo marudio ya kila siku yanauzika. Studio ina sababu ya kuitetea seri isiyong'ara sana. Jukwaa la mtandaoni hulipa gharama yote pamoja na faida juu yake, na linakaa na haki. Marudio hayauzwi popote. Kila msimu mpya mishahara inapanda kwa mujibu wa mkataba, na watazamaji wapya wanapungua, maana nani anaanza seri kwenye msimu wa nne? Kwa jukwaa, msimu wa kwanza wa kitu kipya mara nyingi ni bei nafuu kuliko msimu wa nne wa kitu kizuri. Hesabu hiyo haipendezi, lakini si ya kijinga.

Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza seri inapokatwa ni: nani mwenye mali? Fox iliikata *Brooklyn Nine-Nine* Mei 10, 2018. Kesho yake NBC ikaichukua. Muujiza? Hapana. Iliyokuwa inaitengeneza ni Universal Television, ndugu wa tumbo moja na NBC. Fox ilikuwa inalipia ng'ombe wa mtu mwingine. Ikaendelea hadi 2021. *Lucifer* nayo ilikatwa na Fox mwezi huo huo, lakini ilikuwa ya Warner, na Warner ikaipeleka Netflix ambako ilipata misimu mingine mitatu. Seri iliyozaliwa ndani ya jukwaa lenyewe ina milango michache. *One Day at a Time* ilitoka Netflix ikaokolewa na Pop TV mwaka 2019, na hata hiyo iliwezekana kwa sababu studio yake ilikuwa Sony.

Kuna na vifo visivyohusu watazamaji. *Queen Sono* ya Afrika Kusini, iliyotoka Februari 2020, ilikwisha kupewa msimu wa pili; Novemba mwaka huo ikafutwa kwa sababu hadithi ilidai kurekodi katika nchi kadhaa na Covid ilikuwa imefunga mipaka. *GLOW* ilikatwa Oktoba 2020 ikiwa imeanza kurekodi msimu wake wa mwisho.

Tukiandika barua wengi, au kusaini ile karatasi ya mtandaoni, inasaidia? (Dada wa Kenya, komini yetu, si nchi)

Mara chache, na kwa kiasi kidogo. Mwaka 2007 mashabiki wa *Jericho* walipeleka ofisini kwa CBS tani zaidi ya 20 za karanga, kwa sababu ya neno moja, "Nuts" (karanga), lililosemwa katika sehemu ya mwisho. CBS ikakubali: sehemu 7. Zikaonyeshwa 2008, watazamaji hawakuongezeka, ikakatwa tena. *Sense8* ilipata sehemu moja ndefu ya kufunga hadithi mwaka 2018 baada ya kelele za dunia nzima. Kelele hupata kufunga hadithi. Misimu mipya hailetwi na kelele.

Kinachosaidia, kwa mtu wa Lubumbashi mwenye akaunti halali, ni kuitazama hadi mwisho ndani ya siku 28. Seri iliyonunuliwa kwenye flashi pale sokoni haihesabiwi kabisa, hata ukiitazama mara kumi.

Kwa nini zinazorudi hazina ladha? Tulingoja miaka, tukapewa maji. (Mama wa saluni, kartie Makutano)

Si zote, Mama. *La Reina del Sur* ilitoka 2011, ikanyamaza miaka minane, ikarudi 2019 na tena 2022. Kate del Castillo alirudi, na hadithi ilikubali kwamba miaka imepita: mtoto amekua, maadui wamezeeka. Kinyume chake ni *Pasión de Gavilanes*. Ile ya 2003 ilifufuka kwa kutazamwa upya mtandaoni, Telemundo ikaona moto, ikatengeneza msimu wa pili mwaka 2022. Wachezaji wakuu wengi walikuwepo, lakini uzito wa hadithi ukapewa watoto ambao hakuna aliyekuwa akiwangojea.

*Suits* ni kosa la namna hiyo hiyo kwa njia nyingine. Ilikuwa imefungwa 2019, ikaingia Netflix ya Marekani 2023 ikawa seri iliyotazamwa kuliko zote huko mwaka huo. NBC ikakimbilia kutengeneza *Suits LA*: jina lile, ofisi mpya, watu wapya. Ilianza Februari 2025, Mei ikakatwa baada ya sehemu 13. Watu walikuwa wamewapenda Harvey na Mike, mashujaa wa ile ya kwanza. Bango la ofisi halikuwahusu.

Kuna na tatizo la mikataba. Seri ikiisha, wachezaji wanakuwa huru, kila mmoja anapata kazi yake. Kuwakusanya upya ni ghali kuliko kuwaweka. *Arrested Development* iliporudi 2013 wachezaji hawakuweza kukaa pamoja kwa wakati mmoja, ikabidi kila sehemu imfuate mtu mmoja. Ikatazamwa kama albamu ya picha za pasipoti. Ndiyo maana uokoaji wa haraka hufaulu kuliko ufufuo wa baada ya miaka: *Manifest* ilikatwa na NBC Juni 2021, Netflix ikaichukua Agosti ile ile, wachezaji hawajatawanyika, na ikafunga hadithi yake kwa sehemu 20, kumi Novemba 2022 na kumi Juni 2023.

Afrika Kusini walijaribu kitu kigumu zaidi: mwaka 2014 waigizaji 16 wa *Generations* walifukuzwa baada ya mgomo wa malipo, seri ikazimwa kwa muda, Desemba ikarudi kama *Generations: The Legacy*. Jina likabaki, nyuso zikabadilika.

Kabla ya kujipa tumaini, Mama, uliza: mwandishi ni yule yule? Wachezaji wakuu watakuwa pamoja chumba kimoja? Sehemu ni ngapi? Hadithi inakubali kwamba muda umepita? Majibu mawili yakiwa "hapana", tazama sehemu ya kwanza tu kabla ya kuwaambia wateja wako.

Sisi ni vijana sita wa Ruashi. Tumerekodi sehemu nne za seri ya Kiswahili kwa simu. Chaneli moja ilitujibu kwamba "haiwezi kupita", haikueleza zaidi. Tukosoeni. (Kundi la Ruashi)

Mmetutumia maelezo mazuri, tutajibu kwa urefu.

Urefu kwanza. Sehemu zenu ni dakika 34, 29, 41 na 31. Hakuna ratiba inayomeza hizo. Chaneli za Kifaransa hufikiri kwa dakika 26 au 52: nusu saa au saa moja, na nafasi ya matangazo ndani yake. Chagueni 26. Msimu wa kwanza wa sehemu 13 ni dakika 338 za picha iliyokamilika. Kundi jipya hupata dakika 7 au 8 nzuri kwa siku, kwa hiyo mnahitaji siku 45 hivi za kurekodi. Msirekodi sehemu moja moja kama mlivyofanya. Rekodini mahali kwa mahali: matukio yote ya nyumba ya shangazi kwa siku sita mfululizo, hata kama ni ya sehemu ya 1, 5 na 12. Hapo mtahitaji mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuandika nani alivaa nini, kidonda kilikuwa mkono gani, glasi ilijaa kiasi gani.

Picha. Simu zenu zinarekodi picha 30 kwa sekunde, na si 30 kamili: nyingi huongeza na kupunguza zenyewe kufuatana na mwanga. Ndiyo sababu mnasema "sauti inakimbia midomo" kuanzia dakika ya kumi. Tumieni programu ya kamera inayofunga kasi, muiweke 25, na kila picha ipate mwanga kwa 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukienda nje ya hapo taa za chumbani zinatetemeka kwenye picha, na hakuna fundi wa kuziondoa vizuri baadaye. Kubadilisha 30 kuwa 25 wakati wa kuhariri kunafanya mtu anayetembea aonekane anajikwaa.

Sauti ndiyo iliyowaangusha, tuna uhakika wa hilo kuliko yote. Mnasema umeme ulikatika mara mbili mkaendelea na jenereta. Katika tukio moja basi mtazamaji anasikia kimya, kisha ngurumo, kisha kimya. Chagueni moja kwa tukio zima. Jenereta iwekwe mita 30 au 40, nyuma ya ukuta, bomba la moshi likitazama upande mwingine. Kila mahali rekodini sekunde 30 za chumba kitupu, watu wote wamenyamaza. Mhariri atazitumia kuziba mapengo. Maikrofoni ndogo ya kifuani kwa kila anayesema ina faida kuliko kamera mpya. Tukipewa kuchagua, tungeuza kamera.

Na tengeni sauti. Maneno yawe kwenye mstari wake. Muziki, milango, magari na hatua kwenye mwingine. Chaneli ya Abidjan au Dakar haitanunua Kiswahili cha Lubumbashi isipokuwa iweze kutia Kifaransa juu yake, na haiwezi kutia Kifaransa kama ngoma na maneno vimechanganywa pamoja. Huu ndio mlango unaofungwa bila maelezo. Kwa hapa nyumbani lugha si tatizo: kundi la Mufwankolo lilikwisha kuonyesha zamani kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kinabeba mchezo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kuhifadhi: picha ya HD ya megabiti 50 kwa sekunde inakula gigabaiti 22 hivi kwa saa. Siku ya saa tatu za kurekodi ni kama 67. Nunueni diski mbili, zilale nyumba mbili tofauti, na simu isifutwe mpaka zote mbili zimefunguliwa na kutazamwa.

Haki. Katika sehemu ya pili mmeweka wimbo unaopigwa kila baa mjini. Ruhusa ya maandishi iko wapi? Chaneli makini inaomba karatasi: mkataba wa kila mwandishi, kila mchezaji, mwenye nyumba, mwenye muziki. Mchezaji aliyekubali kwa mdomo leo anaweza kudai seri isimamishwe kesho akigombana nanyi. Karatasi moja kwa mtu inatosha, iseme analipwa nini, kwa sehemu ngapi, na kwamba picha yake itaonyeshwa nchi zote na njia zote. Wekeni pia kwamba yuko tayari kurudi msimu wa pili kwa bei iliyotajwa sasa. Msipofanya hivyo, mkifaulu ataitaja yeye. Kazi zenu na za mwanamuziki wenu zipelekwe SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo.

Fungu la kupeleka kwa chaneli au mfuko liwe la Kifaransa: sentensi mbili za hadithi, ukurasa mmoja wa muhtasari, nusu ukurasa kwa kila mhusika mkuu, kurasa mbili au tatu za msimu wote, maandishi kamili ya sehemu ya kwanza (kurasa 26 hadi 30, kwa kanuni ya ukurasa mmoja dakika moja), mistari mitano kwa kila sehemu inayobaki, bajeti yenye akiba ya asilimia 10, na video ya dakika tatu. Msipeleke sehemu nne zote. Hakuna mnunuzi anayetazama saa mbili za watu asiowajua.

Wapi? Mfuko wa picha wa Francophonie husaidia seri na Kongo imo. Durban FilmMart hukutanisha watayarishaji na wanunuzi kila mwaka. Msiandike kwa ndoto ya Amazon: Januari 2024 ilisimamisha kuagiza kazi mpya Afrika. Na mjue kwamba zipo chaneli zitakazowaomba *ninyi* mlipie dakika za kuonyeshwa. Kubalini tu kama mnapewa nafasi ya matangazo ndani yake, na kama mmekwisha kumpata wa kuinunua, iwe duka la simu au mwenye sabuni. Bila hivyo mtakuwa mnalipa kutazamwa.

Mwisho wa msimu, fungeni hadithi kuu, acheni mlango mmoja mdogo tu. Mmepanga kumaliza na bunduki usoni mwa shangazi. Waandishi wenye studio nyuma yao hufanya hivyo na wanakatwa.

Mimi ni mzee wa pensheni ya Gécamines. *Dallas* tuliitazama kwa kaseti, nyumba moja watu thelathini. Mjukuu ananiambia ilirudi. Niitafute? (Mzee wa Mampala)

Shikamoo, Mzee. Ilirudi kweli. Ile ya CBS ilikuwa ya 1978 hadi 1991; mpya ilitoka TNT kuanzia 2012 hadi 2014, sehemu 40. Larry Hagman, Patrick Duffy na Linda Gray wote wamo, na ni wale wale, wamezeeka kama sisi. Hagman alifariki Novemba 2012 wakati msimu wa pili unarekodiwa, ikabidi waandishi wageuze hadithi ili J.R., mhusika wake, naye aondoke, kwa fumbo la nani amemuua. Fumbo hilo linajibiwa mwisho wa msimu wa pili. Msimu wa tatu ulipoisha TNT ikaikata, na hadithi ikaachwa kwenye gari linalolipuka, hakuna aliyekuja kusema nani amepona. Mwambie mjukuu akutafutie msimu wa kwanza, sehemu 10, na wa pili, sehemu 15. Asilipie wa tatu.